Kesi ya Geguri: alishinda mechi, akatakiwa aonyeshe mikono

Kila nikisoma watu wanavyosimulia kisa cha Geguri, binti wa Korea Kusini mchezaji wa gemu ya Overwatch, naona kinaishia palepale, dada katuhumiwa kuchiti, yani kudanganya kwenye gemu, dada kakaa mbele ya kamera kaonyesha uwezo wake, waliomtuhumu wameumbuka, makofi. Naelewa kwa nini kinapendwa hivyo, kinafurahisha kweli. Ila ukikaa ukakipanga tukio kwa tukio, nani alisema nini, nani alikuwa na ushahidi mkononi na nani alibebeshwa mzigo, unaona ile siku ya kamera siyo sehemu nzuri ya kisa hiki, ndo sehemu mbaya yenyewe. Hapo ndo nataka tupachambue taratibu.

Kwa wasiofuatilia gemu nianze mbali kidogo. Overwatch ni gemu ya mapigano ya risasi ya kampuni ya Blizzard ya Marekani, ilitoka tarehe 24 Mei 2016, wakati ule mnacheza timu ya watu 6 kwa 6 na kila mtu anachagua mhusika mwenye silaha yake na uwezo wake. Korea Kusini waliipokea kwa kishindo. Kule kuna sehemu zinaitwa PC bang, unalipia kompyuta kwa saa unacheza, vijana wanakesha humo, na kwenye hizo PC bang gemu ya League of Legends ilikuwa imekalia kiti cha juu kwa miaka, lakini Juni 2016, yani gemu haijamaliza hata mwezi, Overwatch ikaipiku. Kwa hiyo hebu piga picha hali ilivyokuwa, gemu mpya, mashindano yanaanza kuchipuka kila kona, timu zinaundwa haraka haraka, kila kijana mwenye mkono mwepesi anaona hapa ndo pa kutokea.

Mmoja wa hao vijana alikuwa Kim Se-yeon, jina lake la kwenye gemu ni Geguri, hajafikisha hata miaka 18. Mhusika wake alikuwa Zarya, mwanamke wa Kirusi mnyanyua vyuma, na hapa naomba mnivumilie maana bila kumwelewa Zarya tuhuma yenyewe haieleweki. Silaha ya Zarya haitoi risasi mojamoja, inatoa mwali unaoendelea kama miale ya tochi, kwa hiyo huwezi kubahatisha risasi moja ya kichwa ukaonekana mkali, inabidi mausi imfuate adui muda wote anaporuka, anapojificha, anapokuzunguka mgongoni, ukipepesa kidogo umempoteza. Halafu ana ngao inayomeza mashambulizi ya adui na kuyageuza kuwa nguvu ya ule mwali, sasa Zarya anayejua wakati wa kuwasha ngao na mkono wake unamganda adui hivyo, timu pinzani inaumia kweli. Takwimu za Geguri zilizoripotiwa wakati ule ni kwamba akiwa na Zarya alikuwa anashinda karibu asilimia 80 ya mechi zake.

Timu yake ilikuwa inaitwa UW Artisan. Kwenye mechi za kufuzu mashindano ya Nexus Cup wakakutana na timu ya Dizziness, wakawafunga. Baada ya mechi wachezaji wa Dizziness wakasema huyu anachiti, anatumia programu inayomsaidia kulenga, kile wachezaji wanakiita aimboti. Klipu za jinsi mwali wake ulivyokuwa unahama kutoka kwa adui mmoja kwenda mwingine zikaanza kuzunguka, kila mtu akawa mtaalamu wa kuangalia klipu. Na hawakuishia kusema wana wasiwasi, waliweka dau kabisa, kwamba ikithibitika hachiti sisi tunaacha kucheza. Mmoja akaenda mbali zaidi akasema anaweza kwenda nyumbani kwa huyo binti na kisu, na akasisitiza kwamba hatanii.

Sasa kabla sijaendelea nitoe haki kwa upande wa pili, maana kuna hoja ya kweli pale na ukiiruka unaharibu uchambuzi wote. Kutuhumiwa kuchiti kwenye gemu za kulenga ni kitu cha kila siku, wanaume wanatuhumiwa pia, kila mchezaji mkali ameshaambiwa. Na hofu haikuwa ya kubuni, ndani ya wiki chache za mwanzo Blizzard walishafungia akaunti zaidi ya 1,500 za wachezaji wa China kwa kuchiti na wakaziweka hadharani. Kwa hiyo mtu kumwangalia mchezaji asiyejulikana anayelenga kwa namna isiyo ya kawaida akasema jamani huyu akaguliwe, mimi sina tatizo nalo, na waandaaji wa mashindano wana wajibu wa kulipokea hilo lalamiko.

Ila kukaguliwa ni nini hasa? Kwenye gemu ya mtandaoni mechi haichezwi kwenye kompyuta yako peke yake, inapita kwenye seva za kampuni. Kampuni ina rekodi, ina programu zake za kunusa aimboti, ina watu ambao kazi yao ni hiyo, na ndo hao hao waliofungia wale 1,500. Yani hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kujibu hili swali kuliko Blizzard wenyewe. Na Blizzard Korea waliliangalia suala la Geguri wakasema hachiti.

Ilitakiwa iishie hapo. Haikuishia hapo.

Kilichofuata ni kwamba Inven, chombo kikubwa cha habari za gemu Korea, wakarusha laivu Geguri akicheza, tarehe 20 Juni 2016. Kamera inaonyesha mkono wake na mausi, skrini inaonekana, yeye amevaa barakoa kuficha uso, na anacheza zaidi ya saa nzima ili watu wahakikishe kwamba mwendo wa mkono unalingana na mwendo wa kwenye skrini. Na ulilingana. Zarya ni yuleyule, mwali uleule. Wachezaji wawili wa Dizziness wakaachia ngazi kama walivyokuwa wameahidi.

Watu wengi wanaposhangilia wanashangilia hapo. Mimi nataka tuangalie ile barakoa kwanza. Mtu aliyesafishwa na kampuni yenye gemu, ambaye hana kosa lolote, ndo aliyekuwa anaficha sura. Wale waliotoa tuhuma na yule aliyetaja kisu hawakutakiwa kukaa mbele ya kamera kujieleza kwa saa nzima, hakuna aliyewakagua chochote. Binti ambaye ameshatishiwa kufuatwa nyumbani kwao akatakiwa atoke hadharani zaidi ya alivyokuwa, watu wengi zaidi waijue sauti yake, mkono wake, umbo lake. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa kuna mtu ametishia kukufuata na kisu, ushauri wa kwanza ni ujifiche, yeye mazingira yalimlazimisha kufanya kinyume chake.

Halafu angalia aina ya ushahidi wenyewe. Rekodi za seva ni ushahidi bora kuliko kamera, hilo halina ubishi, kamera inaona siku moja tena siyo siku ya mechi iliyolalamikiwa. Kwa hiyo kama lengo lilikuwa kujua ukweli, jibu lilishapatikana kwenye ushahidi mzuri, halafu watu wakadai ushahidi hafifu zaidi ila wenye kuonekana kwa macho. Hiyo kwangu inasema kilichokuwa kinadaiwa siyo ukweli, walichokuwa wanataka ni kumwona. Watu walikuwa na picha kichwani ya mtu anayelenga vile na binti hakuwemo kwenye ile picha, na taarifa ya kampuni haiwezi kubadilisha picha iliyoko kichwani kwa mtu. Wanaume wanaotuhumiwa kuchiti wanatuhumiwa kwa klipu, na klipu ikijibiwa kesi imekwisha au inabaki kelele za mashabiki wa timu pinzani. Mwanamke akituhumiwa kinachoshitakiwa ni yeye kuwepo, na hilo utalijibu kwa rekodi gani?

Na lile dau sasa. Watu wanalichukulia kama ushujaa fulani, kwamba walau jamaa waliweka neno wakalitimiza. Sikubaliani kabisa. Dau la hivyo linageuza tuhuma kuwa tamasha, ukishasema naacha kucheza kama nimekosea unakuwa umewaambia maelfu ya watu kwamba una uhakika, maana nani ataweka kazi yake rehani kwa kitu cha kudhania? Uzito wa tuhuma ukapanda bila ushahidi kuongezeka hata chembe. Na upande wa pili Geguri hakukubaliana nao dau lolote, yeye aliingizwa tu, na kama angeteleza siku ile, mkono ukatetemeka kwa woga, akacheza vibaya saa moja, angekuwa amepoteza kila kitu na rekodi za Blizzard zisingemsaidia. Hebu fikiria kucheza ukiwa na hilo kichwani halafu ucheze vizuri. Kaweza, sawa, sifa zake. Lakini ni wasichana wangapi wanacheza vizuri tu na siku kama ile wangeshindwa kwa sababu ya presha?

Inabidi pia uiangalie Korea ya mwaka ule. Mwezi mmoja baadaye, Julai 2016, kampuni ya gemu ya Nexon iliiondoa sauti ya mwigizaji Kim Ja-yeon kwenye gemu ya Closers baada ya yeye kuweka mtandaoni picha ya fulana yenye maneno kwamba wasichana hawahitaji mwana wa mfalme. Fulana tu. Wachezaji walipiga kelele, ile fulana ikahusishwa na kundi la kifeministi lililokuwa linachukiwa, na kampuni ikafuata kelele. Ukiziweka hizi kesi mbili pamoja unaona kitu kinafanana, kuna kundi la wanaume wanaoona gemu ni mali yao, wanapaza sauti, halafu taasisi inapima nani anapiga kelele zaidi badala ya kupima nani yuko sahihi. Kwa Geguri bahati nzuri Blizzard walisema ukweli, lakini hata wao hawakusimama wakasema imeisha, msimsumbue tena.

Kitu ambacho kinanipa nguvu kwenye kisa hiki ni wanawake wa Korea walivyojipanga. Kwenye Overwatch kuna mhusika anaitwa D.Va, ni msichana wa Kikorea wa miaka 19 ambaye kwenye hadithi ya gemu alikuwa mchezaji wa kulipwa wa gemu ya StarCraft kabla ya kuwa rubani wa mtambo wa vita. Wasichana wakaanzisha chama wakakiita Chama cha Taifa cha D.Va, na hoja yao ilikuwa nzito, walisema kwa Korea tuliyonayo leo msichana kama D.Va hawezi kutokea, kwa hiyo tunafanya kazi ili ikifika miaka ya 2060 anapowekwa kwenye hadithi iwe inawezekana. Tarehe 21 Januari 2017 kwenye maandamano ya wanawake Seoul walibeba bendera yenye alama ya sungura ya D.Va. Hadi Jeff Kaplan aliyekuwa anaongoza utengenezaji wa Overwatch aliwataja kwenye hotuba yake mwezi uliofuata. Napenda kwamba hawakumsubiri shujaa mmoja awasafishie njia, walikaa wakauliza nini kinazuia wengine, na wakaanza hadi kuandaa mashindano yao.

Turudi kwa Geguri. Mwaka 2017 akasajiliwa na ROX Orcas akacheza APEX, ligi kubwa ya Overwatch Korea wakati ule, mwanamke wa kwanza kufika pale. Januari 2018 Overwatch League ikaanza, timu 12, wachezaji wanalipwa mishahara, mechi zinachezwa ukumbini Los Angeles, na katika wachezaji wote waliosajiliwa mwanzoni hakuna mwanamke hata mmoja. Ikabidi waandishi waulize, kwa nini hamjamchukua Geguri? Majibu yaliyotoka kwa watu wa timu moja ni ya kusoma mara mbili, mara ishu ya nyumba, kwamba wachezaji wanaishi pamoja na kuweka mwanamke humo ni shida, mara watu watasema tumemchukua kwa ajili ya kutafuta kiki, mara lugha.

Hilo la lugha halisimami, ligi ile ilijaa Wakorea wasiojua Kiingereza, timu nzima nzima. La nyumba ni la kukodi chumba, timu ilikuwa imelipia mamilioni ya dola kuingia kwenye ligi inashindwaje chumba? Lakini hili la kiki ndo linanikera zaidi, maana angalia linavyofanya kazi. 2016 aliambiwa huwezi kuwa mzuri hivi, thibitisha. Akathibitisha. 2018 anaambiwa tukikuchukua watu watasema siyo kwa sababu ya uzuri wako. Yani ile shaka ya watu wengine juu yake, shaka ambayo alishaijibu mbele ya kamera, sasa inatumika kama sababu ya yeye kukosa kazi. Hakuna kiwango cha kucheza ambacho kinatatua hilo, ndo maana nasema mlango wa hivi hauna funguo upande wa nje.

Februari 2018 Shanghai Dragons wakamsajili pamoja na wachezaji wengine, akawa mwanamke wa kwanza Overwatch League, akaanza kuonekana uwanjani Aprili baada ya masuala ya viza. Timu ilikuwa mbovu, hilo lisifichwe, walimaliza msimu bila ushindi hata mmoja, mechi 40 wamepoteza zote 40, na nyingi walikuwa wameshazipoteza kabla yeye hajafika. Walikuja kushinda Februari 2019 dhidi ya Boston Uprising, wakiwa wamefungwa mara 42 mfululizo. Mwaka huohuo jarida la Time likamweka kwenye orodha yake ya viongozi wa kizazi kijacho. Yeye mwenyewe alipokuwa anaulizwa habari za kuwa wa kwanza alirudia mara kwa mara kwamba anataka tu kuonekana kama mchezaji, na mimi naona tumheshimu kwenye hilo, hakuomba kuwa alama ya kitu chochote.

Kuna watu watasema basi, mambo yalibadilika, 2018 siyo 2016. Hao nawaambia wasome kilichotokea miezi michache baadaye. Desemba 2018 timu ya Second Wind kwenye ligi ya daraja la chini ya Marekani Kaskazini, Overwatch Contenders, ilimsajili mchezaji aliyejulikana kama Ellie. Mara moja watu wakaanza, huyu siyo mwanamke, kuna mwanaume anamchezea, atoe jina halisi, aonyeshe uso, wengine wakitishia kuanika taarifa zake. Mwanzoni mwa Januari 2019 Ellie akajiondoa. Ikaja kugundulika kweli jina lile lilikuwa la kubuni, nyuma yake alikuwepo mchezaji mzoefu aliyekuwa anaficha utambulisho wake, na inasemekana alikuwa anafanya jaribio la kuona jamii itamchukuliaje mwanamke.

Na hapa ndo patamu kwa waliokuwa wanataka kusema tuliwaambia. Hapana. Jaribio lile lilikuwa la ovyo, halikuwa la mwanasayansi yeyote wala halikumwomba mtu ruhusa, na gharama yake wamebebeshwa wanawake wa kweli, kwa sababu sasa kila msichana mkali anayetokea bila kuonyesha uso kuna mtu anamtajia Ellie. Lakini pia hao waliokuwa wanadai uso hawakuwa wanajua lolote kuhusu jaribio, walikuwa wanafanya kilekile walichomfanyia Geguri aliyekuwa msafi kabisa. Kupatia mara moja kwa kutuhumu kila mwanamke anayetokea siyo kuwa na macho makali.

Sasa kama mimi ningekuwa naandaa mashindano, na nasema hivi hata kwa waandaaji wa huku kwetu maana gemu kama Tekken na ile ya soka ya FIFA, siku hizi EA Sports FC, zina mashindano Dar na Nairobi na wasichana wapo, kisa hiki kinaonyesha sehemu zilipovunjikia. Ya kwanza ni siku ya mechi, Dizziness walitakiwa wapeleke lalamiko kwa waandaaji wakae kimya wasubiri, na timu inayopeleka tuhuma mtandaoni kabla ya uamuzi iadhibiwe hata kama tuhuma ikija kuwa ya kweli. Ya pili ni pale Blizzard walipotoa jibu, waandaaji walitakiwa watangaze hapohapo kwamba suala limefungwa na mchezaji hatakiwi kuonyesha kitu kingine chochote kwa mtu yeyote, na chombo cha habari kikitaka kipindi kiwaite watu wa kampuni waeleze walivyokagua. Kuna watakaosema Geguri alikubali mwenyewe kwenda Inven, ni kweli, ila ukiwa umezungukwa na watu wanaotaka kukumaliza kukubali kwako kuna uhuru gani?

Ya tatu ni kile kisu. Kwenye simulizi nyingi kinatajwa kwa sentensi moja kama kionjo cha kuonyesha jinsi jamaa walivyokuwa na hasira, halafu stori inaendelea na mambo ya mausi. Mtu mzima au kijana, mwanaspoti wa timu inayojulikana, anatamka kwamba anaweza kumfuata mtoto wa watu nyumbani kwao na silaha, hilo siyo suala la gemu tena hata kidogo. Ni suala la polisi, na kwa upande wa mashindano ni la kumwondoa mtu huyo siku hiyohiyo, bila kusubiri ijulikane kama Geguri anachiti au hachiti, kwa sababu hata angekuwa anachiti kila mechi jibu lake lilikuwa kufungiwa akaunti.